Asili ya Neno Lehemu

Jumapili, tarehe 9

Dada yangu,

Huku sote ni wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Ila posa yangu ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya lehemu.

Jumamosi ya tarehe 1 mchumba wangu, yule mwalimu wa Kiswahili, alikuja na wajomba zake. Baba akawaonyesha ndoo aliyounda, akapitisha kidole kwenye mstari wa madini yaliyoyeyushwa kushikisha mabati. "Hii ni lehemu. Neno hili alilianzisha babu yangu, katika karakana hii hii."

Mwalimu akashindwa kujizuia. "Hapana, mzee. Limetoka Kiarabu. Maana yake ni kuunganisha."

Wajomba zake wakatazama viatu vyao. Baba akauliza, "Na mahari je?"

"Nalo ni la Kiarabu, mzee."

"Basi yarudi hukohuko, na wewe uyasindikize!"

Wiki nzima baba aligonga mabati kwa hasira.

Jana mwalimu alirudi peke yake, akasimama nami mlangoni pa karakana. "Baba, naomba samahani."

Baba akaweka nyundo chini. "Na hilo samahani limetoka wapi?"

Nikaona midomo ya mwenzangu inacheza, jasho linamtoka. Nikamkanyaga mguu.

"Sijui, baba."

Baba akacheka hadi akakohoa. "Mwongo mkubwa! Lakini huyu tutaweza kuishi naye. Mleteeni kiti."

Anza kushona gauni, dada.

Mdogo wako,
bibi harusi