Kaseti Yako Iko Shambani

Tinde, Shinyanga

Kaka Damian,

Shikamoo. Natumaini huko Rwamgasa mwamba haujakunyima dhahabu, na kifua hakikubani tena kwa vumbi la mawe. Sisi wazima. Mwanangu Kalisti ameota meno, anauma kila anachoshika. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nimempa Edson anayeleta mchele huko.

Kaka, nina hasira, na naomba unisome mpaka mwisho.

Unaikumbuka ile kaseti ya muziki wa panki uliyopewa na yule mzungu wa kupima miamba? Magitaa yanakwaruza kama bati linaburutwa, dada mwimbaji anafoka hatumwelewi hata neno, na sisi tunamwitikia kwa Kisukuma, yaya, yaya, yaani hapana, tunakataa kila kitu, hata kuchunga ng'ombe. Baba akatuambia ameichoma kwa sababu ina mapepo. Ukaondoka kwa ajili hiyo, na hujarudi. Mimi nililia kuliko siku mbwa wetu alipokufa.

Basi juzi nimempelekea Mama uji shambani, nakuta mpunga umezungushiwa utepe wa kaseti, unavuma kwa upepo kufukuza ndege. Ganda lake liko chini. Kuliokota, lina alama za meno yangu pembeni! Nikamuuliza Mama, kumbe haikuchomwa? Akanijibu bila aibu kwamba ameikuta kwenye sanduku la Baba, na kwamba zile si nyimbo, ni kelele, na kelele kazi yake ni ndege. Nikasema miaka yote hii mmetuacha tunaomboleza kitu kizima. Akasema nimuulize mwenye sanduku.

Nikaenda kumtafuta Baba nimpe yake. Nikamkuta ng'ambo ya majaruba, matope magotini, anafungua utepe kijiti kwa kijiti, anaufuta kwa shati na kuuzungushia kwenye kalamu. Ndege wametua nyuma yake wanakula mpunga, wala hajali. Nilimfokea kama yule dada wa kwenye kaseti. Hakunikemea. Alisema alitaka kweli kuichoma, akaisikiliza kwanza, na mwishoni akakuta tumejirekodi, wewe unapiga kelele, mimi nacheka. Akaificha mpaka hasira zimwishe. Zilipoisha wewe hukuwepo, na akaona aibu kusema.

"Sauti yake nyingine sina," akaniambia.

Bado nimewakasirikia, yeye na Mama, na wewe pia, usiyeuliza hata tunakula nini. Fundi redio wa stendi ameunga utepe. Nyimbo zinarukaruka, lakini ule mwisho upo. Kalisti alicheza mgongoni mwangu mpaka khanga ikalegea. Uliposikika ukisema yaya, Baba akaniuliza polepole kama bado unakataa.

Sijamjibu. Njoo umjibu mwenyewe, tuvune walichobakiza ndege.

Mama anakusalimu sana, ingawa anasema ni kelele tu. Kalisti hajui kusalimu, atakung'ata ukifika.

Mdogo wako,
Elieth, Mama Kalisti