Kikombe cha Maji ya Mti

Shikamoo Bibi yangu,

Niko shambani kwa Shangazi Salma, nje ya Minneapolis, na theluji bado haijayeyuka. Jana jua lilitoka, tukakinga utomvu wa miti, maji mepesi yenye utamu yanayochemshwa hadi yawe kama asali. Nilijaza kikombe nikanywa chote, ndipo nikakumbuka nimefunga. Machozi yalinilenga, kwa kuwa mwaka huu sikuwa nimekula hata siku moja ya Ramadhani.

Shangazi akacheka. “Ulisahau, mwanangu, saumu yako iko palepale. Mungu amekunywesha mwenyewe. Mimi mwenye miti hajanisahaulisha hata mara moja!”

Magharibi tulifuturu kwa karoti zilizochimbuliwa chini ya theluji, tamu ajabu. Siku ile nimeihesabu, Bibi. Niombee nizimalize zilizobaki, nami nakuombea mgongo upoe.

Mjukuu wako,
Rukia