Mama Mkwe na Ushauri Wangu wa Wikendi

Makongeni, Nairobi
Jumatatu jioni

Dada Mwikali mpendwa,

Hujambo huko Mutomo, na watoto hawajambo? Mvua imewafikia, au mnatazama tu mawingu yakienda kunyeshea wenzenu? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeona niandike, maana kwa simu ungenicheka kabla sijafika katikati. Usimsomee Baba kabla hujamaliza mwenyewe.

Unajua kwamba hapa mtaani mimi ni mtu mkubwa kila Ijumaa. Naandika kwenye kundi letu la WhatsApp: wikendi hii filamu ni hii, bendi ni ile, sanaa iko pale, chakula ni kwa fulani. Watu hunishukuru kwa emoji za makofi. Usilolijua ni kwamba mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga hata mahali pamoja. Wateja wanaokuja kununua mazulia dukani kwetu Eastleigh huongea, nami huandika. Jumamosi yangu ni ya kufua na kulala.

Basi mama yake Ndinda wangu akatuma habari kutoka Machakos: anakuja Jumamosi kumchunguza kijana anayemtaka binti yake, na akirudi atamwambia mzee wake kama tuje na wazee wetu au tubaki kwetu. Ndinda, kwa kunisifu, akamwambia nitampangia siku nzima kwa sababu hakuna kona ya Nairobi nisiyoijua. Na mila yetu unaijua wewe: mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa Jogoo Road vichaka viko wapi? Nikaamua kuwafuata kwa mbali, nikimwelekeza Ndinda kwa simu.

Tulianza na sanaa. Mama mkwe, ambaye ni binti wa mchongaji, akamzunguka ndovu wa mti mara mbili, kisha akamuuliza mwenye maonyesho kwa nini ndovu wake ana magoti ya mbuzi. Chakula kikawa wali wa Kisomali wa Eastleigh. "Mama anauliza ni nani ameangusha ndizi kwa sahani yake," Ndinda akaninong'oneza kwenye simu. Nikamwambia ndivyo unavyoliwa. "Kwani wewe ushawahi kula?" Nikasema mtandao unasumbua. Muziki ulimpendeza, hata mabega akayatikisa. Kumbe wale vijana walikuwa wanajaribu vipaza sauti tu! Bendi ilipoanza kupiga kwa kweli, akaziba masikio na kuomba kuondoka.

Ikabaki filamu, kwenye banda moja la video: mapigano ya mateke kutoka Uchina, na DJ akitafsiri na kutia chumvi. Nilikuwa nje nikiwasubiri, mvua ikashuka. Nikajibanza mlangoni. "Buda, ingia ama utoke, unazibia macustomer," akasema mtu wa mlangoni, akanisukuma ndani. Giza totoro. Nikapapasa, nikapata kiti kitupu, nikakaa.

"Hapo ni pa binti yangu, ameenda choo," sauti ya mama mmoja ikasema. "Lakini keti tu, mwanangu, umelowa. Shika njugu."

Nikashika, nikatafuna. Ndipo akaongeza: "Tumeletwa hapa na kijana anataka kumuoa. Siku nzima ananitembeza kama ng'ombe wa mnada, na yeye simwoni."

Dada, njugu zilikwama kooni. Kutema ni matusi, kumeza ni kuvunja mila, na nusu nilikuwa nimeshameza.

"Wewe ungempa binti yako?" akauliza.

Ningeweza kukimbia. Nadhani nilikuwa nimechoka kuogopa. "Mama," nikasema, "huyo kijana hajawahi kufika popote alipokupeleka. Ni maneno ya kuokota. Lakini anampenda binti yako kweli, na alitaka sana ufurahi."

Kwenye filamu shujaa akaruka paa la nyumba. "Unamjua sana," akasema.

Ndinda akarudi na tochi ya simu, akanimulika usoni. "Kyalo! Unafanya nini hapo na Mama?"

Niliinama hadi chini ya kiti. Mama alicheka mpaka watu wakamwambia anyamaze wamsikie DJ. Kisha akatoa hukumu, akiongea na Ndinda kana kwamba mimi sipo, kama mila inavyotaka: "Yule wa kwa simu simtaki. Huyu mwenye kulowa alete mbuzi mmoja wa kuondoa hii aibu, halafu wazee waje tuongee."

Nililia kidogo, dada. Ilikuwa furaha, lakini usimwambie mtu.

Kwa hiyo nichagulie mbuzi, tafadhali, wewe una jicho. Mwambie Baba aanike lile koti lake juani. Msalimie shemeji, na mjomba Muli atakayetusemea umwombe asinisifu kupita kiasi. Safari ya Machakos ni Jumamosi hii. Mama ametoa sharti moja tu: tufike mchana, jua likiwa kali, anione uso.

Mdogo wako anayekupenda na kutetemeka,
Kyalo