Joho la Wifi Yako

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwanza, mengine baadaye, kama ulivyonifundisha mwenyewe kwa kofi na kwa maneno. Hujambo? Goti la kulia, lile linalotabiri mvua, linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma halafu anakana? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, na cherehani bado inazunguka ingawa siku hizi inaguna kama mzee anayepanda ngazi. Wifi yako anakusalimu. Najua macho yako yameuruka mstari huo, kwa hiyo nauandika tena: wifi yako anakusalimu sana.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikisikia tu unasafisha koo, nasahau nilichotaka kusema. Miaka thelathini na tano ya ukunga imekupa sauti ambayo hata mtoto aliyekataa kutoka aliisikia akatoka. Barua hainikatizi. Basi kaa, vaa miwani, usome kwa mpangilio, na tafadhali usirukie mwisho.

Tumesafiri, dada. Mimi na wifi yako tumekwenda milimani kula sikukuu ya kiangazi na wenyeji wa huko. Ndiyo, mimi, ambaye nikipanda stuli kubadilisha balbu nashika ukuta kwa mikono miwili. Chanzo ni mteja wangu mmoja, dereva wa lori la mbao, mwenye mapaja ambayo hakuna suruali ya dukani iliyowahi kuyaheshimu. Mwaka wa tatu huu namshonea na hajachanika hata mara moja, na hilo naomba ulikumbuke kwa faida yangu huko mbele. Akasema kwa kazi hiyo lazima twende kwao tukamwone mama yake. Mimi nilikataa mara mbili. Wifi yako akakubali mara moja, nawe unajua nyumba hii inavyopiga kura.

Lori lilipanda kutwa nzima. Kila kona dereva alikuwa akinieleza nani aliangukia hapo, mwaka gani, na alikuwa amebeba mzigo gani. Wifi yako alikaa dirishani anatafuna karanga na kuuliza maswali zaidi. Mimi nilikaa katikati, nikafumba macho, nikawa namuahidi Mungu mambo ambayo sasa itabidi niyatimize.

Mama yake dereva, ambaye kijiji kizima humwita Bibi, ni mwembamba, mfupi, na hapungukiwi na neno. Alitupokea kana kwamba tulichelewa. Akatueleza kuwa kila kiangazi kikianza, wao hupandisha mbuzi kwenye malisho ya juu kabisa, na huko hukaa miezi mitatu, familia zote kwenye vibanda viwili na chemchemi moja. Kabla ya kupanda ndipo hufanya hiyo sikukuu. Akatuvisha kila mmoja joho zito la sufu, zawadi ya wageni. Nikataka kuuliza mbona ubavuni pako wazi, ila alikwishageuka kuwafokea kuku. Akasema mengine tutaelezana kesho wakitoka mtoni.

Dada, lau angenieleza palepale, barua hii ingekuwa ukurasa mmoja.

Asubuhi yake watu wote waliteremka mtoni kuosha mbuzi. Wifi yako naye huyo, joho begani, mbele ya wenyeji, utadhani kazaliwa huko. Mimi viatu vilinivimbisha miguu, nikabaki uani peke yangu na kikombe cha chai. Na uani pale, kwenye kamba, yalikuwa yameanikwa majoho tisa. Nikayatazama mara moja, nikayatazama mara mbili, moyo ukaniuma. Yote tisa yalikuwa na ubavu wazi, shibiri nzima, sufu nzuri kabisa imeachwa inapepea. Nikasema masikini, watu hawa wamedhulumiwa na fundi wao. Kachukua kazi, kala chai yao, kaacha mshono njiani.

Unanijua. Mtu mwingine akiona kitambaa kimefumuka huona kitambaa. Mimi siwezi hata kumeza mate. Sindano yangu huwa imechomekwa kwenye kola tangu siku nilipoanza kazi. Nikavuta kigoda, nikashona. Nikashona yote tisa, mshono wa kurudia, uzi mara mbili, nyuzi zimelala vizuri. Nikavua na langu nikalimaliza. Jua lilipofika katikati nilikuwa nimekunja nne, nasubiri kushukuriwa.

Walirudi wakiimba. Wimbo ukafa mlangoni. Bibi akashika joho la kwanza, akapitisha kidole ubavuni, akashika la pili, mpaka la tisa. Nikadhani kaguswa na ubora wa kazi. Nikamwambia asijali, ni zawadi.

Ndipo wakanieleza. Ule uwazi si uzembe. Kila aliyekosewa akakatiana salamu na mwenzake huufumua ubavu wa joho lake, akauacha hivyo mpaka aombwe radhi, wauone wote. Siku ya sikukuu, aliyekosa husimama mbele ya watu, akataja kosa lake kwa mdomo wake, kisha akalishona joho la mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, hata kama hajui kushika sindano. Kwani huko juu chemchemi ni moja, na huwezi kuchota maji miezi mitatu na mtu usiyemsalimia. Mshono ukishafungwa, ugomvi umekwisha, na kilichoshonwa hakifumuliwi. Wageni nao hupewa joho lililo wazi. Asiye na kinyongo na mtu analifunga mwenyewe, mwenye nacho analiacha.

Yaani mimi, kwa asubuhi moja, nilikuwa nimemaliza ugomvi wa watu tisa bila mtu hata mmoja kuomba radhi.

Nikajitolea kufumua, nikasema ni kazi ya dakika chache tu. Walinitazama kama niliyependekeza kufukua kaburi. Mrina asali mmoja alikuwa amelikumbatia joho lake, anauliza nani basi atamwomba radhi yeye, kasubiri miaka kumi na mmoja. Mwenye mbuzi, jirani yake, aliyetakiwa kumwomba, akawa anaangalia mawingu kwa furaha kubwa. Wifi yako alikuwa amefunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Mabega yalinionyesha kuwa anacheka.

Bibi akafikiri, kisha akatoa hukumu. Aliyetia sindano ndiye aliyelibeba kosa. Kwa hiyo fundi atasimama hapa, atataja makosa yote tisa kana kwamba ni yake, na ataomba radhi kwa kila mmoja mpaka mwenyewe aridhike.

Dada, nimeungama mambo milimani kule! Nilimwomba radhi mama mmoja kwa kumrudishia sufuria yake ikiwa imetoboka huku nikiapa aliniazima hivyohivyo. Niliomba radhi kwa kulala usingizi siku ya harusi ya binamu yangu niliyeahidi kumsimamia. Nilimwomba radhi bibi wa miaka themanini kwa kusema anaimba kama bawaba. Kila nikianza, Bibi alikuwa ananinong'oneza kosa lenyewe, mimi nalitangaza, na watu wanasogea karibu zaidi. Kufika kosa la nne nilikuwa na mikogo, napiga kifua, nashusha sauti, nainua.

Tukafika kwa mrina asali. Mbuzi wa jirani alikula kofia yake ya wavu, akaenda mizingani bila kofia, nyuki wakamshughulikia. Lakini kosa halikuwa la mbuzi. Kosa lilikuwa kwamba jirani alipomwona uso umevimba, badala ya kusema pole, alicheka. Nikasimama nikasema, ndugu yangu, nilikucheka, nilicheka kidogo, nisamehe. Sauti ikatoka nyuma.

"Mwongo huyo," mwenye mbuzi akasema. "Sikucheka kidogo. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Akaja mbele akaeleza mwenyewe, jinsi uso wa mrina ulivyofanana na boga, jinsi alivyojaribu kusema pole neno likagoma, na jinsi alivyotaka kwenda kuomba radhi kesho yake akaona aibu, kesho ikawa mwaka, mwaka ukawa kumi na mmoja. Mrina asali alijikaza, akajikaza, akaangua kicheko. Wakashikana mikono hawaachiani. Baada ya hapo wakosaji waliobaki wakaja wenyewe mmojammoja, kwani hakuna aliyevumilia kusikia kosa lake likiharibiwa na mgeni. Na wale niliokwisha kuwaungamia nao wakataka kurudia. Nikapumua. Nikajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Bibi alimgeukia wifi yako, akaona joho lake bado ubavu wazi, akamuuliza mbona hajalifunga.

"Langu lina mtu wake," wifi yako akasema. "Ni wifi yangu. Mwaka wa nne haitikii salamu zangu, na mpaka leo sijui nilimkosea nini."

Hakulia. Alisema tu, kama anavyotaja bei ya nyanya. Kisha Bibi akanitazama mimi. Mrina asali akanitazama.

Sasa dada, vua miwani uifute, halafu uivae tena.

Siku yako ya kustaafu, unaikumbuka kuliko mimi. Hospitali nzima uwanjani, wewe na gauni la samawati, mgeni rasmi anakukabidhi saa ya ukutani, ukainama kwa heshima, na gauni likaachia mgongoni kutoka kiunoni hadi magotini. Mgeni rasmi akatazama pembeni, Mungu ambariki. Dereva wake hakutazama pembeni. Ulikuja kwangu jioni ileile na kanga ya kuazima kiunoni, ukauliza nani kashona mgongo huu. Wifi yako alikuwa sokoni. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema: mgongo alimalizia mke wangu.

Maneno manne, dada. Umeyalipia mwaka mmoja kwa kila neno, na yeye pia.

Hakuligusa gauni lile. Ni mimi. Usiku wa kuamkia sherehe yako kulikuwa na mpira redioni, nikaupiga ule mgongo bandi tu, mshono wa kushikiza, nikisema alfajiri nitaupitisha kwenye cherehani. Alfajiri nikalala. Ulipomtuma mtu kulifuata, nililikunja nikampa. Mimi, fundi, nisiyeweza kuvumilia ubavu wazi wa mtu nisiyemjua, nilimpeleka dada yangu mbele ya mgeni rasmi akiwa na uzi wa bandi mgongoni. Halafu nikamsingizia mke wangu. Halafu nikakaa kimya, kwa sababu wewe ulikuwa na kiburi cha kutomuuliza na yeye alikuwa na adabu ya kutokulazimisha, na kati ya kiburi na adabu nilipata mahali pazuri pa kujificha. Hata kile kitambaa cha sufu alichokufumia kwa ajili ya goti lako, ulipokirudisha sikumwambia. Nilikificha chini ya cherehani, nikamwambia umeshukuru.

Yote hayo niliyasema kule, nimesimama, bila mikogo. Hakuna aliyecheka. Mrina asali akasema kwamba kati ya maungamo yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililosemwa vibaya kuliko yote, kwa hiyo analiamini. Nikanyoosha mkono nichukue joho nilishone. Bibi akanipiga mkono.

"Uongo ni wako, umeutoa," akasema. "Salamu zilizokatika si zako. Huo mshono ni wa wale wawili."

Wifi yako alikuja mbele yangu, akachomoa sindano kwenye kola yangu, akaichomeka kwenye joho lake. Njia yote ya kushuka aliongea na dereva. Hapa nyumbani ni siku ya sita anaongea na mimi kupitia cherehani: mwambie mwenye cherehani chakula kipo, mwambie mwenye cherehani anakanyaga pedali kwa fujo. Jana akasema, mwambie mwenye cherehani aandike barua, na akimaliza anisomee. Nimemsomea hadi hapa. Amenifanya nirudie lile la mgeni rasmi mara mbili. Kisha akaniambia mimi mwenyewe, kwa jina langu, kwamba nimesahau kukuandikia jambo moja: kwamba siku ile ya sherehe yako alikuwa amekuokea keki, na hakuelewa kwa nini hukubaki kuila.

Siombi unisamehe kwa barua. Njoo unigombeze kwa ile sauti yako, nitakaa chini nisikilize mpaka umalize. Gauni lako la samawati nililishona upya siku ile ile uliponiachia, mshono wa kurudia, uzi mara mbili, liko kabatini miaka yote hii. Unaweza kuinama upendavyo. Ila usije kwa ajili ya gauni, wala kwa ajili yangu. Joho la wifi yako liko kwenye msumari karibu na mlango, ubavu wazi, na kila mteja anayeingia ananiuliza mbona silimalizi. Nawaambia si kazi yangu. Usijisumbue kuleta sindano. Ipo palepale kwenye joho, na uzi ameshautunga.

Msalimie shemeji, msalimie jirani yako wa kuku, na ulipe goti pole kwa ngazi za kituo cha basi.

Wifi yako anakusalimu. Safari hii usiuruke.

Ni mimi mdogo wako mkosaji,

Sindano
(jina ulilonipa mwenyewe nilipokuwa mwembamba)