Mvua ya Upande wa Pili

Mafiga, Jumamosi ya masika

Leo kumekucha bila milima. Nimefungua dirisha la jikoni na pale Uluguru inapokaa siku zote pamejaa weupe mtupu, huku mvua ikipiga mabati kama ina ugomvi na sisi. Nikafurahi. Nilikuwa nimepata sababu ya kutokwenda Mazimbu kwa kaka Shomari.

Nikiri tu: namwogopa mzee wa watu.

Wiki nzima ananitumia ujumbe ule ule kwenye simu. "Feli, umesikiliza?" Nimesikiliza, kaka. Nimesikiliza mpaka nimechoka, na bado sijui nikujibu nini.

Mwenye kusoma hapa kwa mara ya kwanza lazima nimrudishe nyuma kidogo. Zamani, kabla ya miwani na dawa za presha, nilikuwa mpiga kinanda wa bendi. Tulikuwa watatu. Shomari alipiga gitaa na kuimba. Mchana alikuwa fundi redio. Kobelo alipiga ngoma. Tulijiita Ukungu Jazz, ingawa hatukuwa na tarumbeta hata moja na jazi tuliijua kwa jina tu. Tulipiga kwenye harusi na kipaimara, nyimbo za wenzetu, na watu walicheza kwa sababu wameshalishwa pilau.

Kisha wakimbizi wa Afrika Kusini wakafungasha virago kurudi kwao kutoka Mazimbu, na Shomari akaachiwa sanduku la santuri zilizowashinda kubeba. Humo ndimo tulimokutana na roki ya nyimbo ndefu. Wimbo mmoja upande mzima wa santuri! Gitaa linaanza taratibu, mapigo yanabadilika katikati, kinanda kinaondoka na kurudi, mwimbaji naye anatokea kama mgeni aliyechelewa shughuli. Tulishika vichwa. Tukaapa kwamba na sisi tutafanya hivyo, kwa Kiswahili, hapa hapa Morogoro.

Kuapa hakuna kazi. Tulipoingia kurekodi kaseti yetu, kwenye ghala la mahindi la mjomba wake Shomari, ujasiri wote ulituishia mlangoni. Upande wa kwanza una nyimbo tano fupi za kuiga, za mapenzi, za kumlaumu mtoto wa watu. Ngoma zake zinapigwa na kinanda changu kwa kubonyeza kitufe, maana hiyo ndiyo ilikuwa fasheni mpya mjini, na sisi tusiachwe nyuma! Kobelo tulimwambia asilete hata ngoma zake. Alikuja hivyo hivyo, akaketi juu ya gunia amenuna.

Upande wa pili ndio uliotufanya bendi.

Tulikuwa tumeanza wimbo wa sita mvua iliposhuka. Mabati matupu, bila dari, na mvua ya Morogoro. Shomari akafungua mdomo kuimba, hata mimi niliyekuwa karibu yake sikumsikia. Ilikuwa tuzime. Ila mashine ya kurekodia tuliyoazima ilitakiwa jioni hiyo hiyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyoosha mkono, basi tukaendelea kupiga tukisubiri ikatike. Haikukatika. Nikaacha kile kitufe, nikaanza kutembeza vidole nisikokujua. Kobelo akashuka kwenye gunia, akachukua kwenye kikapu changu kayamba ya kwaya, ile ya matete yenye mbegu ndani, akaenda kuchuchumaa mbele ya maikrofoni. Akaanza kuifuata mvua. Ikizidi, anazidi. Ikipungua, anaituliza kwenye viganja. Shomari alikuwa hamsikii, kwa hiyo alimkazia macho mikononi, na pale mikono ilipopanda ndipo gitaa lilipoingia.

Mpaka leo sijasikia mtu akiingia vizuri vile.

Na mvua ilipokatika, kayamba haikukatika. Kobelo aliendelea peke yake, laini, na ukisikiliza huwezi kujua mvua iliishia wapi na yeye alianzia wapi. Tukazima. Halafu Kobelo akasema, "Sasa huo ndo muziki. Kile kinanda cha Mnyamwezi kikalishwe majani huko."

Mimi Mnyamwezi niliyezaliwa Mafiga, baba yangu alikuja kufanya kazi kiwandani. Yeye Mluguru wa Kinole. Watani. Tulitukanana miaka yote ile bila hata siku moja kukasirikiana.

Bendi ilikufa kama bendi nyingi zinavyokufa, bila ugomvi, kila mtu na maisha yake. Kobelo alirudi Kinole kwenye mdalasini na machungwa yake. Mwaka jana akafariki. Nilipanda kumzika, na kama mtani nikafanya kazi yangu: nikasimama katikati ya wafiwa na ile kayamba, ambayo hakuwahi kunirudishia, nikamwambia aamke aipige, aache uvivu wa Kiluguru. Watu wakacheka na machozi yao. Kayamba nikaondoka nayo, na nani angemnyima mtani?

Siku ile binti yake, Mwanaidi, alitufuata mimi na Shomari. Alikuwa hajawahi kuisikia kaseti yetu, ya kwao ilitafunwa na redio yeye akiwa mdogo. Akasema, "Shangazi, hata kidogo tu. Nataka nimsikie baba."

Shomari akalibeba hilo kama amana. Kaseti yake ilikuwa bado nzima. Akaiingiza kwenye kompyuta, akajifunza uzeeni programu ya kusafisha sauti, miezi na miezi, akaiondoa mvua yote. Mvua ile ilikuwa ikimwaibisha tangu zamani. Alisema fundi redio hawezi kumpa mtoto wa marehemu kitu kinachokoroma.

Ndiyo hiyo aliyonitumia. Gitaa safi. Kinanda safi, makosa yangu yote hadharani. Na Kobelo hayupo.

Mashine haikujua tofauti ya mvua na kayamba. Imefagia vyote viwili. Mahali alipokuwa Kobelo pamebaki kimya, na sisi wawili tunapiga kama watu wanaomsubiri mtu asiyekuja. Shomari hakuligundua hilo kwa sababu masikio yake yamekwisha. Sauti za chini anazipata, zile nyembamba za juu zimemhama, na nyumbani kwake sote tunajua na hakuna anayesema. Hivyo nikimwambia kaseti imeharibika, nimemwambia na lile jingine. Nikinyamaza, Jumatatu Mwanaidi anatumiwa wimbo usio na baba yake.

Asubuhi nilifikiria kudanganya. Niseme simu yangu mbovu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na huyu ni fundi, angesema nilete simu aitazame.

Saa nane mvua ikapungua. Nikachukua kayamba, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umelowa! Mama Asha, mletee Feli chai."

Akaniwekea wimbo kwenye spika zake kubwa kabla sijakaa vizuri. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Mimi niko pale na chai ya tangawizi mkononi. Wimbo ukafika pale penye kimya. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya heshima, ya kuzunguka. Yote yakanitoka. Nikaweka kikombe chini, nikatoa kayamba, nikaanza kuipiga mahali pale pale alipokuwa akiipiga Kobelo.

Shomari akafumbua macho. Akaitazama mikono yangu. Akasimamisha wimbo, mimi nikaendelea.

"Unaipiga kweli, au unanichezea?"

"Naipiga, kaka."

Akamgeukia mkewe. "Wewe unaisikia?"

Mama Asha alinitazama mimi kwanza. "Naisikia, baba Asha. Inalia kama mvua."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Niliumia. Nilitamani nimekaa kwangu na mvua yangu. Akauliza, "Kwa hiyo nimemfuta?" nami nikasema ndiyo, umemfuta, na sikuongeza kitu, kwa sababu nyongeza yoyote ingekuwa ya kujipunguzia mimi.

Nilidhani atakasirika. Akanyoosha mkono ukutani, akashusha gitaa, akalegeza na kukaza nyuzi kwa vidole. Akasema, "Piga tena. Usinitazame usoni."

Nikapiga. Mimi si Kobelo, mikono yangu ni ya kwaya, lakini wimbo ule naujua. Nikaupandisha taratibu kama mvua inayotoka kilele cha Bondwa kushuka mjini. Alinikazia macho mikononi, bila kupepesa, na ilipopanda akaingia. Pale pale. Kama vile hatujatoka ghalani. Mama Asha akajifunika uso kwa khanga, na mimi nililia bila aibu, huku naendelea kupiga maana nikisimama na yeye angesimama.

Tulipomaliza akalilaza gitaa mapajani. Nje mvua ilikuwa imerudi. Nadhani aliitazama tu kwenye dirisha. Sijui kama aliisikia.

"Mpelekee mtoto ile yenye mvua," akasema, akinikabidhi kaseti yenyewe. "Na usimpelekee kwa simu. Nenda mwenyewe. Mimi magoti haya hayapandi Kinole."

Sasa niko kwangu, nguo zimekauka, kayamba nimeiweka mezani juu ya kitambaa. Nimeisikiliza tena kaseti jinsi ilivyokuwa, na kukoroma kwake kote. Zamani na mimi niliionea haya. Vijana watatu waliokwenda kuiga wenzao wakashindwa kusikika, na katika kushindwa kule ndipo wakasikika. Nawakumbuka.

Kesho, mvua iwepo isiwepo, napanda Kinole. Nimekuwa najiuliza nitamwambia nini Mwanaidi nikishamvalisha visikilizio, maana atasikia kelele za mabati tu na atadhani ameletewa kaseti mbovu. Nadhani nimeshapata. Nitamwambia avumilie, asivivue, asubiri mpaka mvua ikatike.

Sauti itakayobaki ikilia, mwanangu, ndiye baba yako.