Uji wa Nafula

Mama yangu, niliyekuzika nikiwa bado nakuhitaji,

Leo baada ya ibada kina mama wa kanisa wameketi wakaamua kwamba Nafula, jirani yangu, asitembelewe. Amejifungua mtoto wa kike wiki hii, na hana bwana. Nimetoka mkutanoni moyo ukinichemka. Nimeteleka uji jikoni, na kabla haujaiva nataka kuzungumza nawe, maana hapa Shauri Moyo sina mwingine wa kunielewa haraka.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa ukitoka kiwandani Industrial Area, mikono bado inanuka sabuni ya kuoshea chupa, unafunga sufuria kwa leso, mimi nabeba vikombe. Tuliingia nyumba yoyote ya kanjo, hizi za baraza la jiji, ambamo mtoto amezaliwa. Kabila hukuuliza. Jirani yetu Mama Auma alipojifungua ulimpelekea njahi, kwa sababu kwetu mzazi asiyepewa njahi ni kama hajalishwa. Yeye akafunua sahani, akayaangalia yale maharagwe meusi, akasema, "Mama Njeri, umeniletea chakula au umeniletea matanga?"

"Kula wewe. Maziwa yatatoka meupe."

"Yakitoka meusi, huyu mtoto nakuletea umnyonyeshe mwenyewe!"

Mlicheka mpaka mtoto akaamka. Mara ya pili ulimpikia uji wa wimbi uliochachuka, vile wanavyoupenda kwao, na tangu siku hiyo aliniita binti yake. Ulipougua, ni yeye aliyekuogesha.

Mama, kwenye redio wanasema kila siku tujenge taifa. Mimi niliishia darasa la tano, siwezi kubishana na watu wa redio. Lakini nikiulizwa taifa linajengwa wapi, nitasema nililiona kwenye laini yetu ya nyumba. Watu walitoka kila upande wa Kenya, kila mmoja na lugha yake, wakakutana kwenye mfereji mmoja wa maji. Wangeweza kuishi kama abiria, kila mtu na mzigo wake. Kanisa ndilo lililowapa sababu ya kubishiana hodi. Baba alipookoka aliacha pombe ya busaa, nasi tukaacha kulala tumevaa viatu tayari kukimbia. Wewe ulijifunza kusoma gumbaru, darasa la watu wazima, pale kwenye ukumbi wa kanisa, ukitaka kujisomea Injili. Ukaisoma, halafu ukaanza kuwasomea majirani chupa za dawa za watoto wao, wasije wakazidisha. Hakuna aliyekutuma. Uliniambia tu, "Macho haya nimepewa na Mungu mara mbili. Siwezi kuyafungia ndani."

Na kanisa hilohilo, Mama, lilikuita mbele ya wazee. Ulikuwa umempelekea uji msichana aliyezaa nyumbani kwa baba yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamsikia mzee mmoja, "Mama Njeri, unapelekaje uji kwa dhambi?"

"Mzee, dhambi hainywi uji. Aliyekunywa ni msichana, na alimaliza sufuria."

Wengine waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Yule mzee hakucheka. Nawe hukuhama kanisa. Nilikuuliza kwa nini, ukasema nyumba yako ikivuja unapanda juu na bati, huendi kulala kwa jirani.

Leo mwenyekiti wetu, Mama Tabitha, amesimama akasema, "Tukienda kwa Nafula na nyimbo na vikapu, tutakuwa tumewaambia wasichana wetu waendelee." Si mtu mbaya, Mama. Ana mabinti watatu na hapati usingizi juu yao. Namwelewa, nami nina wangu.

Nikasema, "Basi tusiimbe. Twende kimya, tumpe uji."

"Sheria ni sheria, Mama Wangari. Huyo yuko chini ya nidhamu ya kanisa."

"Na mtoto yuko chini ya nini?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mama Tabitha akaniambia kwa upole, jambo lililoniuma zaidi, kwamba nikienda nisiende na kitambaa cheupe cha kina mama. Nimekifungua kichwani, nikakikunja vizuri, nikakiweka mezani. Nimevuka mtaa mzima kichwa wazi, watu wakinitazama. Bwanangu ameniuliza tu kama sukari ipo.

Uji umeiva. Ngoja niende.

Nimerudi sasa hivi, Mama. Nilibisha nikiwa nimembeba Wangari mgongoni, sufuria mikononi. Ndani mtoto akalia, akazibwa kwa titi. Nafula akauliza kwa sauti ndogo, bila kufungua, "Nani? Ni kanisa?"

Alikuwa anaogopa. Alidhani tumekuja kumsomea makosa yake. Nami nimesimama pale bila kitambaa, bila ruhusa ya mtu, ningeweza kumjibu kwamba ni jirani tu. Nikakukumbuka wewe na bati lako.

"Ndiyo, Nafula. Ni kanisa. Fungua, uji unapoa."

Alifungua. Alikuwa hajala tangu jana. Tulikaa kitandani, yeye anakunywa, mimi nimepakata mtoto wake, na Wangari akivuta shuka kama yuko kwao.

Jumapili nitarudi kanisani. Nafula akiwekwa benchi la nyuma, la walio chini ya nidhamu, nitaketi hapo naye, na nitaimba kwa sauti. Jumapili inayofuata pia. Sitatoka, na sitanyamaza.

Lala salama, Mama. Mikono yako bado inafanya kazi huku.

Ni mimi binti yako, ninayemlea mtoto mwenye jina lako.