Wanakuja Kuipima Nyumba Yetu

Ras Kitau, Manda

Kwako mke wangu, Mama Shee,

Assalaam alaikum. U hali gani, na goti lako je? Mimi mzima, alhamdulillahi, nala na kulala. Simu siipigi, hapa watu wanasikiliza. Barua hii nimempa nahodha wa boti mkononi. Isome peke yako.

Ile hoteli niliyoijenga mimi, ambayo Lamu nzima hakuna ukuta kama wake, yeo wanaipima. Tajiri mwenye hoteli analia na bili ya stima. Kaleta binti wa bara, injinia. Binti huyo kaziba mlango kwa turubai, katia feni kubwa katikati, inavuta hewa ya ndani kuitoa nje. Nikasimama kumwangalia. Mtu anayevuta hewa ya nyumba ya watu ana lake jambo.

Akaniambia, "Mzee, nyumba yako inavuja."

"Mvua gani umeiona ndani?"

"Si maji, ni hewa. Baridi yote ya hizi mashine za eisii inatokea kwenye matundu ya juu. Yazibwe."

"Matundu hayo nimeyaweka mimi kusudi, nyumba ipumue! Kwani wewe wauza eisii?"

Akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Tajiri naye ataka niyazibe kwa mkono wangu mwenyewe, ama alete fundi mwingine. Nikawaambia kwangu Kizingitini ni mawe na chokaa nyumba nzima, matundu wazi, na adhuhuri twajifunika shuka bila hata feni. Binti akasema, "Basi Alhamisi nitakwenda kuipima. Ikiwa kweli, nitamwambia tajiri aondoe eisii, matundu yabaki."

Mdomo wangu huu! Kile chumba cha nyuma nilichokiezeka mabati sikukitaja.

Sasa sikiza. Ana kamera inayoona joto, na mabati yatamwakia humo kama kaa la moto. Chumba hicho kifunge. Akiuliza, ni stoo ya nyavu. Kuku watoe kwanza, wasije wakalia humo ndani. Madirisha ya baharini yawe wazi tangu alfajiri, na jiko usiwashe, hata chai asipewe.

Lakini nakujua. Uongo huuwezi, utacheka hata kabla hajauliza. Basi siku hiyo nenda kwa dadako, ufunguo mwachie ndugu yangu Bakari. Huyo huuza samaki wa juzi na kuapa ni wa yeo.

Nisalimie mama mkwe, na mwanangu Shee, na mwalimu wa chuo cha Kurani aniombee dua, ila usimwambie ya nini.

Ni mimi mumeo, fundi asiye mfano,
Athmani